Suti ya Kaunda Bungeni: Tumebishania Asili, Tukaacha Mamlaka

Spika wa Bunge la Kitaifa, Moses Wetang'ula, alipotangaza Novemba 2023 kwamba suti ya Kaunda, ile isiyohitaji tai, na mavazi ya kitamaduni ya Kiafrika hayataruhusiwa tena Bungeni, Wakenya waligawanyika siku hiyo hiyo, na mgawanyiko huo hurudi kila suala la mavazi ya viongozi linapozuka hapa Nairobi. Kuna waliosema kwamba Spika amelinda heshima ya taasisi, na kuna waliosema kwamba ametukumbusha ukoloni, huku methali ya mwacha mila ikirudiwa mpaka ikachuja. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinajibu swali lisilofaa kuulizwa. Zote zinaamini kwamba suti na tai ni vazi la Kizungu kwa asili yake, na kwamba suti ya Kaunda ni vazi la Kiafrika kwa asili yake. Zinachotofautiana ni lipi kati ya hayo mawili lipewe nafasi. Historia ya nguo haiungi mkono imani hiyo hata kidogo. Karibu kila vazi tunaloliita rasmi, na karibu kila vazi tunaloliita la jadi, limetoka kwingine, likabadilishwa na mafundi, kisha likapewa heshima na watu waliokuwa na uwezo wa kuitoa. Kinachostahili kujadiliwa, basi, ni uwezo huo: uko mikononi mwa nani, na unatumiwa kwa kigezo gani.

Tuanze na kanuni yenyewe, kwa sababu wengi waliochangia mjadala hawakuisoma. Mwanamume anatakiwa avae koti, shati la mikono mirefu lenye kola, tai, suruali ndefu, soksi na viatu, au sare ya kikosi anachotumikia. Mwanamke anatakiwa avae mavazi ya heshima ya kikazi, sketi au gauni lipite magoti, na blauzi isiyo na mikono haikubaliki. Msomaji makini ataona kwamba upande wa wanaume hapakutajwa sifa yoyote, iwe usafi, unadhifu au staha. Vimetajwa vipande vya nguo tu. Mtu aliyevaa koti lililochakaa na tai yenye madoa ametimiza kanuni, na aliyevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ameivunja. Huo ni uchaguzi wa ajabu, nao una historia yake.

Suti ambayo kanuni hiyo inailinda haikuzaliwa ikiwa vazi la heshima. Mwezi wa Oktoba 1666, wiki chache baada ya moto mkubwa ulioteketeza London, Mfalme Charles wa Pili alitangaza kwamba ataanza kuvaa kizibao kirefu chini ya koti, na Samuel Pepys, mtumishi wa serikali aliyekuwa akiandika shajara, akaliweka jambo hilo kwenye kumbukumbu zake. John Evelyn, aliyeishi zama hizo hizo na kulishuhudia vazi hilo, aliliona kuwa la mtindo wa Kiajemi. Mfalme hakuwa akisaka urembo. Alikuwa akishindana na Ufaransa ya Louis wa Kumi na Nne, ambayo mitindo yake ilikuwa ikinyonya fedha za matajiri wa Uingereza, na alitaka watu wa makao yake wavae kitu ambacho hakikuamuliwa na Wafaransa. Tai nayo haikutoka Uingereza. Chanzo chake ni vitambaa vya shingoni vya askari wa Kroatia waliotumika katika majeshi ya Ufaransa karne ya 17. Hivyo basi, mababu wa hiyo inayoitwa suti ya Kiingereza ni kizibao kilichodhaniwa kuwa cha Kiajemi na kitambaa cha askari wa Kikroatia, vilivyokutanishwa na siasa za biashara.

Hata koti fupi tunalolijua leo lilichukua muda mrefu kukubalika. Katika karne ya 19 lilikuwa vazi la mapumziko, la kutembelea mashambani, ilhali mtu wa hadhi mjini alivaa koti refu lililofika magotini pamoja na kofia ndefu nyeusi. Mwaka 1892 Keir Hardie, mchimba makaa ya mawe aliyechaguliwa kuwa mbunge, aliingia katika Bunge la London akiwa amevaa suti ya kitambaa cha sufu nzito, tai nyekundu na kofia ya wawindaji. Magazeti yalimshambulia na wabunge wenzake wakamwona ameivunjia heshima nyumba. Alichokivaa, tukiiacha kofia, ni kile kile ambacho sasa mlangoni pa Bunge letu kinahesabiwa kuwa alama ya ustaarabu. Ningependa wale wanaosema kwamba suti ni desturi ya mabunge tangu zamani wamfikirie Hardie kwa dakika chache: desturi wanayoitetea ilianza ikiwa utovu wa adabu.

Suti ya Kaunda, kwa upande wake, ina ukoo uliochanganyika zaidi. Jina limetokana na Kenneth Kaunda, aliyeiongoza Zambia kuanzia 1964 hadi 1991 na ambaye koti lake lisilohitaji tai, lenye mifuko mbele na mara nyingi mikono mifupi, lilijulikana kote barani. Lakini mshono wenyewe ni ndugu wa suti za safari, ambazo nazo zilitokana na sare za kaki za jeshi la Waingereza nchini India, sare zilizoanza katika miaka ya 1840 huko Punjab. Jirani yake wa karibu, lile koti la kola iliyosimama ambalo Mwalimu Nyerere na viongozi wenzake walilipenda baada ya uhusiano wa Tanzania na China kuimarika miaka ya 1960, linatokana na vazi la Sun Yat-sen, na nyuma yake kuna sare za wanafunzi wa Japani zilizoigwa kutoka majeshi ya Ulaya. Anayeivaa suti ya Kaunda kama tangazo la kujikomboa ana haki ya kufanya hivyo. Asituambie tu kwamba amevaa nguo za mababu.

Jambo hili si aibu kwa Afrika, na halihusu nguo za kiume peke yake. Gomesi, ambalo leo hakuna harusi ya Kiganda inayokamilika bila hilo, lilipata jina kutoka kwa fundi Mgoa, Caetano Gomes, aliyeshona Kampala mwanzoni mwa karne ya 20. Kitenge kilitokana na viwanda vya Uholanzi vilivyojaribu kuiga batiki za Java kwa mashine, kisha wanunuzi wa Afrika Magharibi wakakipa maisha ambayo waliokibuni hawakuyatarajia. Shanga zinazopamba shingo za Wamaasai na Wasamburu ni za kioo, na kwa vizazi vingi zilisafirishwa kutoka Venice na Bohemia. Shuka nyekundu ya mirabamiraba ilichukua nafasi ya ngozi katika karne iliyopita tu. Na tukitafuta ufundi wa nguo uliokuwa wetu kabla ya shehena hizo zote, upo, ingawa wanaopiga kelele kuhusu asili hawautaji: vipande vya udongo vya kusokotea nyuzi vimechimbuliwa na wanaakiolojia katika miji ya kale ya Shanga na Kilwa, Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alisifu nguo zilizofumwa pale na kuuzwa mpaka Misri, na mafundi wa Pate walisifika kwa nguo za hariri. Ufundi huo haukufa kwa sababu watu waliuacha kwa hiari. Ulizidiwa bei, kwanza na nguo za Gujarati, halafu na merikani, kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts nchini Marekani, ambayo ilitapakaa kiasi cha kutumika kama fedha katika misafara ya bara.

Katika historia hiyo yote, mfano wenye mafunzo mengi zaidi kwa mjadala wetu ni leso, yaani kanga. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa pwani walianza kununua vitambaa vilivyochapwa vya leso za mkononi na kuvishona pamoja mpaka vikawa nguo moja pana, na wafanyabiashara, walipoona soko lilipo, wakaagiza vitambaa vipana vilivyochapwa tayari. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivishwa kaniki na merikani walinunua leso ili waonekane kuwa watu huru. Kitambaa kilichapwa ng'ambo, na wauzaji wengi walikuwa Wahindi, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kusema kwamba leso si yetu. Hakuna Spika aliyeiidhinisha wala kamati iliyoibuni. Linganisha na vazi la taifa la Kenya lililozinduliwa mwaka 2004, baada ya wabunifu kuzunguka nchi, sherehe kufanywa na magazeti kuchapisha picha: leo ukisimama barabara ya Moi tangu asubuhi hadi jioni hutamwona mtu aliyelivaa. Agizo linaweza kulifanya vazi liwe rasmi. Kulifanya liwe la watu ni kazi nyingine, na sijaona serikali iliyoiweza.

Sasa tuzipime hoja. Wanaomtetea Spika wana hoja moja nzito ambayo, kwa bahati mbaya, ni wachache walioitoa. Mwaka 2023 suti ya Kaunda haikuwa vazi tu. Ilikuwa mtindo wa Rais William Ruto, aliyeonekana nayo wiki baada ya wiki, na mawaziri na wabunge wa upande wake walianza kumwiga. Bunge ambalo nusu ya wanachama wake wamevaa kama Rais ni Bunge lenye sura ya mashabiki, na Spika ana sababu halali ya kuhofia jambo hilo. Afrika ina kumbukumbu chungu hapa. Mobutu Sese Seko, katika siasa zake za kurejea uhalisi wa Kiafrika, aliwalazimisha wanaume wa Zaire mwanzoni mwa miaka ya 1970 waache suti na tai na badala yake wavae abakosti, koti lililofanana sana na hili tunalobishania, na ni mpaka mwaka 1990 alipolegeza siasa za chama kimoja ndipo tai ikarudi. Kule Kinshasa vazi la Kiafrika halikumkomboa mtu; lilikuwa namna ya kuhesabu nani ni mtiifu. Kama Spika angesema wazi kwamba anataka ukumbi usiokuwa na sare ya kiongozi yeyote, ningemuunga mkono bila kusita. Alichosema ni kwamba mitindo inayochipuka inatishia mavazi yaliyozoeleka ya Bunge, na akayaweka mavazi ya kitamaduni katika kapu hilo hilo, ingawa hakuna Rais anayefahamika kwa kuvaa kikoi.

Hoja dhaifu kuliko zote upande huo ndiyo iliyorudiwa mara nyingi zaidi: kwamba mlango ukifunguliwa kidogo, kesho mbunge ataingia na kaptura na kesho kutwa atakuja na ngozi ya chui. Hofu hii ingekuwa na maana kama hakuna Bunge lililowahi kujaribu. Wabunge wa Ghana huvaa kente na joho la kaskazini lililofumwa kwa mkono, wa Nigeria huvaa agbada, wa India huvaa kurta, na mijadala yao huenda vizuri au vibaya kwa sababu zisizohusiana na kola. Februari 2021 huko New Zealand, mbunge Mmaori Rawiri Waititi alitolewa nje kwa kuvaa kidani cha jadi mahali pa tai. Siku chache hazikupita kabla tai kuacha kuwa lazima. Na hilo Bunge la London ambalo tumeiga kanuni zake liliacha kudai tai mwaka 2017, Spika wake wa wakati huo, John Bercow, aliposema kwamba mbunge asiye na tai atapewa nafasi ya kuzungumza. Tumebaki tukilinda mlango wa nyumba ambayo wenyewe wameshahama.

Hapa nyumbani pia tuna ushahidi, tena katika taasisi inayojali adabu kuliko Bunge. Dkt. Willy Mutunga alipokuwa Jaji Mkuu mwaka 2011, majaji waliyaweka kando mawigi ya nywele za farasi, mapambo yaliyoingia Uingereza kutoka Ufaransa wakati wa huyo huyo Charles wa Pili. Uingereza yenyewe ilikuwa imeyaondoa katika kesi nyingi za madai mwaka 2008. Ubishi kuhusu majoho na mawigi umeendelea miongoni mwa mawakili wetu, lakini sijasikia yeyote akidai kwamba hukumu za Mahakama ya Upeo zilipungukiwa na uzito kwa sababu kichwa cha jaji kilikuwa wazi. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba msichana wa familia ya Kirastafari aliyefukuzwa shuleni Kibera kwa sababu ya nywele zake arudishwe darasani na rasta zake, na masomo yakaendelea.

Wapinzani wa Spika nao hawajaponea. Kosa lao la kwanza, la kudai asili isiyokuwepo, nimeshalieleza. La pili ni kubwa zaidi: wanadhani kwamba kanuni yenye sura ya Kiafrika ingekuwa kanuni ya haki. Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1960, ilipokuwa ikihubiri utamaduni wa taifa, iliendesha kampeni ya kuwavisha Wamaasai suruali na kuwaondolea vazi lao la rubega, na Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, ukaendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi mitaani Dar es Salaam. Waliofanya hivyo walikuwa Waafrika waliojitawala, na lugha waliyotumia ilikuwa ya kujivunia utu wetu. Juni 2021 mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa katika Bunge la Dodoma kwa sababu suruali yake ilionekana kumbana, ingawa kanuni za Bunge hilo hazina woga na suti za Kiafrika kama tulio nao sisi.

Hapo ndipo mzigo wa kanuni hizi unapoonekana unamwelemea nani. Mwanamume aliyezuiwa kwa ajili ya suti ya Kaunda hutuma dereva amletee koti na tai, na baada ya saa moja yuko ndani. Mwanamke hupimwa kwa macho ya mtu mwingine, kwa vigezo visivyoandikwa vizuri popote, kuhusu mwili wake kuliko nguo zake. Februari 2023, Seneta Gloria Orwoba alitolewa katika Seneti kwa sababu suruali yake nyeupe ilikuwa na doa jekundu, akiwa katika juhudi za kuwatetea wasichana wanaokosa sodo; wenzake walisimama kudai kwamba kanuni za mavazi zimevunjwa. Mtaani nguvu hiyo hiyo haina hata adabu ya Bungeni. Novemba 2014 wanawake waliandamana katikati ya Nairobi baada ya mmoja wao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume waliojipa kazi ya kusimamia staha. Sisemi kwamba Spika na wahuni wa steji ni watu wa aina moja. Nasema wanategemea dhana moja, kwamba aliye na nguvu mahali fulani anaweza kutangaza nguo gani ni heshima bila kueleza kipimo chake, na dhana hiyo haibadiliki kwa kubadilisha koti kuwa kitenge.

Kosa la tatu la wapinzani ni la kiuchumi, na hili linaniudhi kuliko mengine kwa sababu ndilo lingeweza kuleta faida. Katika kelele zote za vazi la Kiafrika, ni nadra kusikia mtu akiuliza kitambaa kimetoka wapi. Suti iliyoshonwa Uhuru Market kwa kitambaa cha kiwanda cha Rivatex ingehesabiwa kuwa ya kikoloni, na shati la kitenge lililochapwa Uchina likasifiwa kuwa utamaduni. Gandhi alilielewa jambo hili vizuri kuliko sisi: khadi, kitambaa cha kusokotwa kwa mkono, aliyowahimiza Wahindi kuivaa kuanzia miaka ya 1920 ilihusu nani anasokota na nani analipwa, na mshono wake haukuwa hoja kubwa. Sisi mwaka 2019 tuliambiwa kwamba watumishi wa umma wavae nguo zilizotengenezwa Kenya kila Ijumaa, mwaka ule ule Rivatex ya Eldoret, iliyonunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 baada ya kufa, ilipozinduliwa upya. Nenda ofisi yoyote ya serikali Ijumaa uangalie. Utaona vitenge, na ukigeuza lebo utajua vimechapwa wapi, kama lebo ipo. Viwanda vya Athi River navyo hushona nguo za soko la Marekani kwa vitambaa ambavyo kwa sehemu kubwa vimeagizwa kutoka Asia, huku pamba ya wakulima wetu ikikosa soko la uhakika.

Kwa hiyo mambo haya mawili yatenganishwe. Suala la viwanda halitatatuliwa na wabunge 349 hata wakivaa nini. Litatatuliwa na ununuzi wa sare za polisi, wauguzi, walinzi na wanafunzi, ambako serikali na wazazi hununua nguo nyingi kila mwaka na ambako sharti la pamba ya Kenya lingemfikia mkulima. Suala la Bunge ni dogo kuliko hilo na ni la kisheria. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na kifungu cha 9 kinapoorodhesha alama za taifa kinataja bendera, wimbo, nembo na muhuri, bila vazi lolote. Hakuna mahali ambapo koti na tai vimepewa hadhi ya kitaifa, wala ambapo suti ya Kaunda imepewa. Kanuni ya haki ingeacha kutaja vipande vya nguo na kutaja sifa: nguo iwe safi, imsitiri mvaaji, isiwe na alama, rangi au picha ya chama au kiongozi, na kipimo kiwe kimoja kwa mwanamume na mwanamke, kimeandikwa, ili askari wa mlangoni asilazimike kubahatisha na mbunge aliyezuiwa apate pa kukata rufaa. Kanzu ingepita, suti ingepita, na suti ya Kaunda ingepita siku ambayo haijageuzwa sare ya mashabiki wa Ikulu.

Kanuni kama hiyo haifai kutangazwa kwa tamko la mtu mmoja akiwa kitini. Ipelekwe kwa Kamati ya Taratibu na Kanuni za Bunge, na kamati iwasikilize wabunge wanawake kabla ya wengine, kwa kuwa wao ndio waliotolewa nje kwa sababu ambazo hakuna aliyeweza kuzieleza vizuri. Bunge la 14 litaapishwa baada ya uchaguzi wa Agosti 2027, na kazi hiyo inaweza kukamilika kabla ya siku hiyo, ili wabunge wapya watakaokuja kutoka Lodwar, Lamu na Kisii wajue mapema watapimwa kwa nini.